Kopo Moja na Nusu

Serowe, 3 Februari 1991

Mdogo wangu Korkoi,

Salamu kutoka huku ugenini kwenye jua na vumbi. Mimi ni mzima, isipokuwa miguu, ambayo huvimba nikimaliza zamu hadi viatu vinanikataa. Baba anaendeleaje na jicho lake? Mwambie yale matone niliyomtumia ni ya kutia jichoni, si pambo la kabatini. Na wewe, bado unabeba mabonge ya mahindi, hiyo kenkei yako, ukiuza na tumbo hilo, au umepata akili ukapumzika?

Mwalimu Tagoe anakuja nyumbani likizo, nimempa boksi lako. Ndani kuna shali nyeupe, poda, na nepi za karatasi, pakiti mbili. Hizi si kama vitambaa vyetu vya kufua. Zinameza maji yote na juu zinabaki kavu, ukimgusa mtoto huwezi kujua kama amekojoa. Moja inakaa kutwa nzima, kwa hiyo usiwe mtu wa kufunguafungua.

Akiwa wa kiume, wasimwite yule mzee wa wembe. Mtafuteni Bwana Quarcoo. Nilifanya naye kazi chumba cha upasuaji miaka minne, sasa amestaafu na anatahiri watoto majumbani. Mkono wake ni mwepesi. Akishamkata na kumfunga, msimfungue mpaka kesho yake. Mikono ya wageni ndiyo inayoleta uchafu kwenye kidonda. Msomee mama mkwe wako barua hii, maana najua wewe hakusikii.

Nakuombea ujifungue salama.

Dada yako,
Dedei

*

Teshie, 21 Aprili 1991

Dada yangu Dedei,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na miguu imepungua kuvimba. Baba hajambo. Matone anatia, ila anatia jicho zima na kuliacha bovu, anasema lile zima ndilo lenye kazi. Kuku wako mweupe ametotoa vifaranga tisa. Boksi lilifika salama. Mwalimu Tagoe alilibeba mwenyewe kichwani, na wanawake wote wa uani walikuja kushika zile nepi na kuzinusa.

Nilijifungua Jumamosi, tarehe 30 Machi, mtoto wa kiume, kilo tatu. Alikuwa akipiga chafya mara mbili mbili, hakuwahi kupiga moja. Akinyonya alishika sikio lake mwenyewe, la kushoto. Nimeandika haya kwanza kwa sababu ni machache.

Hayupo tena, Dada. Alikaa siku nane.

Sijui nieleze vipi, kwa hiyo naanzia asubuhi ile ya siku ya nane, ya kumpa jina. Walimlaza uchi chini uani kama ilivyo desturi, mzee wao akarusha maji juu ya paa yakamdondokea. Alilia hadi mpangaji wa pembeni akatoka na taulo kiunoni akidhani kuna ugomvi. Watu wakacheka, wakasema, "Huyu hatahitaji kengele ya kuitia wateja." Wakampa jina la babu yake mzaa baba, Odartei.

Saa mbili Bwana Quarcoo akafika na mkoba wake. Alinawa mikono vizuri, nilimwona. Kazi haikuchukua muda. Akamfunga, akamvisha nepi moja katika zile ulizotuma, akaisifu: "Hii ndiyo kazi ya kisasa. Hata tone hulioni." Akala, akaondoka. Alikuwa na watoto wengine wawili siku hiyo.

Unajua kwamba siku hiyo mtoto si wa mama yake. Ni wa ukoo wa baba, anapita mikononi mwao, mimi naletewa anyonye tu. Saa nne alinyonya kidogo. Saa sita hakutaka. Nikaona amekuwa mzito chini, nikasema nimfungue nimtazame.

Mama Amerley, mama wa mume wangu Laryea, akasema, "Mzito? Amekojoa kama mwanamume, shukuru."

Nikasema, "Mama, nimwangalie tu, nimfunge tena."

Akamwita Laryea, akamwambia alete barua yako aisome tena mbele ya shangazi zake, pale uliposema tusifungue. "Nesi anasema hivi, muuza kenkei anasema vile. Jamani, tumsikilize nani?" Wote wakacheka. Na mimi nikacheka kidogo, maana sikutaka kuwaharibia shughuli.

Walimsifu sana kwa utulivu. "Mtoto gani huyu hasumbui! Ameshalijua jina lake, ametulia." Shangazi mmoja akamkunja sikio kutazama rangi, unavyojua wanavyofanya, kwamba mtoto hatimaye atakuwa na rangi ya ncha ya sikio lake. Lilikuwa jeupe kama nta. Mama Amerley akapiga makofi. "Amemfuata mama yangu! Mama yangu alikuwa mweupe, hata wazungu walikuwa wakigeuka kumtazama." Mwingine akasema, "Au amemfuata mpangaji?" Kicheko tena. Wakampaka poda.

Saa kumi, wakati wa kugawa kinywaji cha mahindi, aliyempakata aliomba mtu amshikie ili apokee kibuyu. Aliyempokea akasema, "Mbona wa baridi hivi?"

Ndivyo nilivyopata habari. Nilikuwa nimekaa hatua tano kutoka pale, na sahani mapajani.

Mtoto wa siku nane hafanyiwi msiba, nikaambiwa ninyamaze nisije nikafunga njia ya watakaomfuata. Baba alimtengenezea kisanduku karakanani kwake. Wateja walipouliza, alisema ni cha misumari.

Nilimvua nguo mimi. Nepi kwa nje ilikuwa kavu, safi kabisa. Ndani kulikuwa na damu, kila mahali, lakini hata tone halikuvuja kwenye shali. Bwana Quarcoo aliitwa, akaitazama, akasema damu kiasi hicho haiui hata kuku, mtoto alikuja na lake. Nimeikausha, ninayo kwenye bati la biskuti.

Dada, wewe ni nesi. Damu kiasi hicho inaweza kuua?

Mdogo wako,
Korkoi

*

Serowe, 2 Juni 1991

Mdogo wangu mpendwa,

Barua yako ilichelewa njiani, imenifikia juzi. Huku baridi imeanza na wodi imejaa vikohozi. Mfikishie Baba pole zangu. Vifaranga tisa ni wengi, awalinde na mwewe.

Nimelia hadi wenzangu wakaniombea ruhusa ya siku moja. Watoto wachanga, Korkoi, huondoka kwa sababu nyingi ambazo hata madaktari hawazijui. Wengine huzaliwa na moyo usiokamilika, na nje huoni kitu. Mwenyezi Mungu ndiye anayejua. Wewe bado kijana, utapata mwingine.

Nakuomba jambo moja. Kile kitu ulichohifadhi kwenye bati, kichome. Si vizuri kukaa na vitu vya namna hiyo chumbani, vinamzuia mtu kupona. Na ile barua yangu ya Februari ichome pia, ya nini kutunza karatasi zinazokukumbusha siku ile.

Kula vizuri. Kunywa supu.

Dada yako,
Dedei

*

Nungua, kwa Baba, 7 Julai 1991

Dada yangu,

Salamu. Utaona juu hapo kwamba naandika kutoka kwa Baba. Vifaranga wamebaki sita. Baba ameanza kutia matone kwenye jicho bovu baada ya mimi kukaa naye hapa, kwa hiyo kuna lililopatikana.

Walinirudisha baada ya siku arobaini. Mama Amerley alisema damu haitoki yenyewe ndani ya mtoto mzima aliyefungwa na mtaalamu, ila iitwe. Akauliza mbele ya watu, "Nani siku ile alikuwa anataka kumfungua kila saa? Nani alijua kuna kitu humo?" Nikasema nilihisi uzito. Akasema, "Mmesikia? Alihisi. Mchawi yeyote huhisi." Laryea alikuwa amesimama mlangoni, anakwangua rangi ya fremu kwa ukucha. Nilimtazama mpaka akamaliza kipande kizima. Kisha akanibebea begi hadi barabarani. Ndilo aliloweza.

Uliniambia nichome. Sikuchoma, unisamehe. Barua yako ina mwandiko wako, na nepi ina Odartei.

Ila nimefanya jambo, na ndilo ninalokuandikia. Laryea aliniwekea pakiti moja kwenye begi bila kusema. Nilichukua nepi mpya, na kopo la maziwa mazito, lile dogo ambalo nikiwa sokoni napimia pilipili. Nikamimina maji kopo la kwanza. Kwa nje, kavu. La pili, kavu. Nikaishika, mkono wangu unajua uzito kwa sababu ya mabonge ya kenkei, na nilijua kwamba siku ile haikufikia uzito huo. La tatu lilipoingia lote ndipo pembeni pakaanza kulowa.

Makopo matatu, Dada. Inakaa kimya hadi makopo matatu. Yeye aliivaa kuanzia saa mbili mpaka saa kumi.

Kwa hiyo swali langu ni dogo, halihitaji daktari. Mtoto wa kilo tatu, mwili mzima, ana makopo mangapi ya damu?

Ukijibu hilo kwa karatasi ya hospitali yako, nitampelekea Mama Amerley. Yeye anaheshimu sana mambo yako yaliyoandikwa.

Mdogo wako,
Korkoi

*

Nungua, 18 Agosti 1991

Dada,

Natumaini hujaugua. Sijapata jibu, na Baba anasema posta ni posta. Nguo uliyomtumia kwa Pasaka anaivaa kanisani, ingawa mikono ni mirefu.

Nakuandikia tena kwa sababu kuna haraka. Fofo, mke wa Anang, mdogo wake Laryea, ana mimba ya miezi saba. Tumbo limechongoka mbele, wanasema ni wa kiume. Mama Amerley amekwisha kumwagiza Bwana Quarcoo. Na pakiti yako ya pili ya nepi, ile iliyobaki Teshie, ameiweka juu ya kabati la Fofo, ninaambiwa hata vumbi inafutwa.

Nilimngoja Fofo sokoni. Nikamwambia, "Mdogo wangu, mvishe kitambaa. Kitambaa chochote, hata kanga iliyochakaa. Kitambaa kinaonyesha."

Akarudi nyuma hatua, akafunika tumbo kwa mkono. Akasema, "Dada Korkoi, tafadhali usinitaje mimi wala mtoto wangu kinywani mwako."

Ni msichana mwema. Aliwahi kunisuka nywele wiki yangu ya mwisho ya mimba. Lakini kwake mimi ni yule wanayemsema. Maneno yangu hayana uzito, ya kwako yanao. Andika mistari miwili tu. Sihitaji useme neno juu ya barua ya Februari. Sema idadi ya makopo, na sema wamfungue mtoto kila nusu saa.

Korkoi

*

Serowe, 20 Septemba 1991

Mpendwa Korkoi,

Barua zako zote mbili nimezipata. Tumekuwa na ukaguzi kutoka wizarani na wauguzi wawili wako likizo ya uzazi, sikupata hata nafasi ya kukaa. Hapa mvua bado, ng'ombe wanakonda. Nimemnunulia Baba shati lingine, mikono mifupi.

Mambo uliyouliza si ya kuandikwa. Barua hupita mikononi mwa watu, na karatasi ya hospitali si yangu ya kuandikia mambo ya nyumbani, ninaweza kupoteza kazi. Tena huwezi kupima mtu kwa kopo la maziwa, Korkoi. Elimu ya mwili haiko hivyo.

Nitakuja Krismasi. Tutakaa, tutazungumza ana kwa ana kama ndugu. Mpaka hapo, nakuomba usimsumbue yule mjamzito.

Dedei

*

Nungua, 27 Oktoba 1991

Dada yangu,

Salamu. Baba mzima, shati hajalipata bado. Kuku wako mweupe amekufa, si kwa ugonjwa, tairi la lori.

Fofo alijifungua Jumamosi ya tarehe 12, mtoto wa kiume. Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku yake ya nane. Barua yako ya kwamba utakuja Krismasi ilinifikia Alhamisi katikati. Niliisoma, nikaikunja, nikachemsha mahindi.

Asubuhi ile nilibeba beseni la kenkei nikaenda Teshie. Nilijua kwenye shughuli watanunua, na muuzaji huruhusiwa kufika uani. Nilifika saa nne. Bwana Quarcoo alikuwa amekwisha kuondoka. Wamempa mtoto jina la Odartei. Mama Amerley alikuwa anamwambia mtu, "Yule mwingine hakulitumia, bado jipya."

Nilikaa karibu na jiko nikauza. Saa tano mtoto alinyonya. Saa sita akapita mikononi mwa yule shangazi wa masikio. Nikamsikia anasema, "Tazameni, na huyu naye mweupe!"

Dada, beseni sijui nililiwekaje chini. Nilisimama mbele yake nikasema, "Shangazi, mtazame midomo."

"Nani kamwita huyu?" Mama Amerley alisema. "Anang! Mtoe huyu nje."

Nikasema, "Mama, nitoke, lakini mfungueni. Mfungueni nyie wenyewe, nikiwa nje ya lango. Nitapiga magoti."

"Magoti yale yale ya mchawi," akasema. Wakacheka, lakini si wote. Fofo hakucheka. Anang akanishika mkono, na wakati ananivuta nikamshika mtoto mguu. Unyayo ulikuwa wa baridi na hauna rangi, kama bonge la unga. Nikavuta ile nepi. Ile gundi ya pembeni hufunguka upesi.

Damu ilimwagika vipande vipande, nyeusi, kwenye nguo yake Mama Amerley. Siku ile wote walikuwa wamevaa nyeupe.

Wakapiga kelele. Mimi nilishika kidonda kwa kidole na kona ya kanga yangu, nikabana, nikamwambia Anang, "Washa gari." Anaendesha teksi, namshukuru Mungu. Nilibana hivyo hadi hospitali, sikuachia hata kwenye matuta. Daktari alikuwa msichana mdogo, nywele zake zimefungwa kwa kamba ya viatu. Akasema wangekunywa kibuyu kimoja zaidi wasingekuwa na haja ya kuja. Walimwongeza damu kutoka kwenye chupa ndogo sana, Dada. Nilishangaa udogo wake. Jioni mtoto alilia. Alilia kwa sauti ya mwenye njaa, na maziwa yangu, ambayo yalikauka tangu Mei, yakauma.

Yuko hai. Jumatano walimrudisha nyumbani.

Sasa nikuambie mengine. Fofo alinifuata kwenye korido ya hospitali. Nilidhani anakuja kunishika mkono. Akasimama mbali kidogo akasema, "Ulijuaje?"

Nikasema, "Kwa sababu ya wangu."

Akasema, "Hapana. Alikuwa mzima mpaka ulipoingia uani. Wote wameona. Ulimgusa na damu ikatoka."

Mama Amerley anaitunza ile nguo yenye damu. Anawaonyesha watu mahali niliposimama. Kanisani Jumapili iliyopita benchi letu tulikaa mimi na Baba peke yetu. Baba alijinyoosha akasema, "Leo tuna nafasi," akaweka kofia yake pembeni kama mtu aliyekalia viti viwili.

Sina swali tena.

Korkoi

*

Serowe, 14 Oktoba 1991

Korkoi, mdogo wangu,

Leo sisalimii. Nimeanza barua hii mara nne. Sijapata neno lolote kutoka kwako tangu Agosti, na usiku nahesabu wiki za Fofo.

Ulichouliza, jibu ni hili. Mtoto wa kilo tatu ana kopo moja na nusu la damu. Mwili mzima. Hana zaidi. Nusu kopo likitoka, yuko hatarini. Likitoka kopo zima, hakuna cha kufanya. Kwa mtu mzima ni damu ya kufuta kwa kitambaa, kwa mtoto ni maisha yake yote, ndiyo maana watu wanaitazama na kusema haiui kuku.

Ulipima sawasawa na kopo lako. Nilijua hivyo nilipokuandikia kwamba hujui.

Waambie hivi. Mtoto anayevuja kwa siri halii. Anaanza kwa kunyamaza. Anaacha kunyonya. Weupe usitazamwe sikioni, utazamwe mdomoni ndani, kwenye ufizi, na kwenye nyayo. Miguu inakuwa ya baridi, pumzi inakuwa ya haraka. Na afunguliwe. Kila nusu saa siku ya kwanza, afunguliwe hata kama amelala, hata kama nesi ameandika asifunguliwe.

Nilijua siku niliyosoma barua yako ya kwanza. Nilijua kabla sijafika pale walipomkunja sikio, kuanzia aliposema amekojoa kama mwanamume. Nilikuwa nimesimama dirishani kwa sababu ya mwanga. Nilikunja barua nikaenda kugawa dawa.

Na kuna la Quarcoo. Mwaka 1983 mtoto mmoja alivuja baada ya kukatwa naye. Alikuwa amevaa vitambaa, damu ikaonekana, mama yake akapiga kelele, tukamwahi. Mwaka uliofuata mwingine. Huyo mama yake alilala usingizi. Quarcoo aliniomba niandike kwamba mtoto amekufa kwa homa, na wakati huo nilikuwa nangoja anisemee kwa mkubwa wetu ili nipate barua ya kuja huku. Niliandika homa. Mwandiko wangu ni mzuri, unajua. Kila mwaka huwa nampelekea salamu, na ninapompendekeza kwa watu husema mkono wake ni mwepesi, kwa sababu nisiposema hivyo nitaulizwa ninajua nini.

Barua hii nimeiandika kwenye karatasi ya hospitali. Nimepiga muhuri. Mpelekee Mama Amerley, asomewe yote, na hii sehemu ya mwisho pia. Ikimfikia Fofo kwa wakati, basi nimefanya jambo moja.

Dedei

*

Nungua, 24 Novemba 1991

Dada yangu Dedei,

Salamu nyingi. Baba hajambo, shati limefika na mikono inamtosha. Ameniomba nikuambie kwamba jicho bovu sasa linaona kivuli cha mkono.

Barua yako ilifika Jumanne iliyopita, tarehe 19. Mtoto wa Fofo alikuwa na mwezi mmoja na siku saba, anaanza kucheka.

Niliipeleka Teshie kama ulivyosema. Sikuingia ndani, nilisimama langoni. Laryea akaisoma kwa sauti, unajua mama yake hasomi. Aliisoma yote, hata ya Quarcoo, na alipofika kwenye kopo moja na nusu alirudia mstari huo mara mbili. Nilidhani imeisha. Nilidhani sasa watasema.

Mama Amerley aliendelea kuchambua maharage. Kisha akasema, "Kumbe walikuwa wawili. Mmoja anaandika, mwingine anashika."

Laryea akakunja barua akanirudishia. Bwana Quarcoo bado anakata. Jumamosi hii alikuwa mji wa La.

Sikuandikii kwa hasira. Napenda ujue hivyo. Nakumbuka tulipokuwa wadogo nilikanyaga chupa, ukanibeba mgongoni hadi kwa mganga wa zahanati na ukanikataza kutazama mguu njia nzima, ukasema damu ukiitazama inazidi. Niliamini hivyo kwa miaka mingi. Hata siku ya Odartei, mkono wangu ulipokuwa juu ya gundi ya nepi, nadhani bado niliamini kidogo.

Uje Krismasi. Nitakupokea stendi, nitakupikia. Nimebakiza nepi moja mpya. Ukishapumzika nitaimwagia kopo moja la maji, nitaifunga kwa shali yako nyeupe, nitakuwekea mapajani saa mbili asubuhi. Ukae nayo. Mimi na Baba tutakaa nawe, tutazungumza mambo ya kawaida, tutakula. Saa kumi nitaipokea.

Nataka tu uniambie, wewe ambaye umesoma, kama ungehisi.

Mdogo wako,
Korkoi